Habari Ndogo za Siku Saba
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo)





Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuonana tena. Tuwarehemu waliotutangulia, na tuwaombee afya walioshindwa kusafiri. Kadhalika natoa shukrani kwa Kamati, na hasa kwa kina mama walioamka alfajiri kuingia jikoni. Harufu ya pilau imekwisha kunifikia hapa nilipo, nami nafahamu vyema kwamba msemaji anayesimama kabla ya chakula hana rafiki. Sitarefusha.

Kamati iliniandikia ikinitaka nizungumze juu ya historia ya ukoo wetu. Niliwaomba radhi, nikataka ruhusa ya kubadilisha mada. Wako humu ndani wanaoijua historia hiyo kunishinda. Mimi nimetumikia serikali mbili: miaka 17 katika masjala ya wizara moja kule Unguja, na miaka 24 katika ofisi ya baraza la mji huku Leicester, hadi nilipostaafu mwaka 2024. Kazi yangu siku zote ilikuwa ni kupokea karatasi, kuiandika katika rejista, na kuitia katika jalada lake. Basi nimekuleteeni jalada dogo. Ndani yake mna wiki moja ya nyumbani kwangu, mwanzoni mwa mwezi wa Juni mwaka huu. Hamna harusi wala msiba. Mna mashine ya kufulia, kete moja ya bao, kiganja kilichovimba, na simu moja kwa dada yetu.

Huenda mkajiuliza: mtu mzima huyu ametutoa mbali kote huko kuja kutusimulia mashine ya kufulia? Naomba mnivumilie kidogo, kwani hapana budi nianze nyuma.

Nilipofika nchi hii mwaka 1996, simu ya kwenda nyumbani ilikuwa ghali mno. Tukiandikiana barua. Marehemu kaka yetu, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, alikuwa mwandishi hodari wa barua. Ninazo barua zake 41 katika kopo la biskuti. Baada ya zile salamu zetu za kawaida, za sisi hatujambo na hofu ni juu yenu, alikuwa akiingia katika mambo yake: jogoo wa jirani anayewika saa sita za usiku, bei ya changu sokoni, mvua ya vuli iliyochelewa, fundi aliyeezeka paa akasahau nyundo yake juu ya dari. Mambo madogo kabisa. Lakini nikiisoma barua ile katika chumba changu cha baridi, nilikuwa naye.

Zikaja kadi za simu, zile za kukwangua. Tukafurahi kwamba sasa tutasikiana sauti. Ila kadi ilikuwa ikiisha upesi, na kila mmoja alikuwa akitazama saa. Basi tukajifunza lugha ya mkato: "Kwema? Kwema. Watoto? Hawajambo. Hapana jipya? Hapana." Barua zikakoma mwaka 2003. Baadaye, kama mnavyojua, simu zikawa karibu na bure, tukaweza kuzungumza saa nzima na kuonana nyuso. Lakini ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea mkato. Kila Jumapili kwa miaka 16 nilizungumza na kaka yangu. Nimepiga hesabu: ni yapata mara 800. Na mara 800 tuliambiana kwema.

Alifariki mwaka 2019. Nilifika Unguja siku ya tatu. Baada ya hitima, nikiwa nimekaa barazani, akanijia mtoto wa jirani, umri wake kama miaka 11, akaniuliza kwa adabu: "Babu, sasa nani nitampeleka msikitini?" Sikumfahamu. Ndipo nilipoelezwa kwamba kaka yetu kwa miaka minne alikuwa haoni kwa jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa likififia. Mtoto yule alikuwa akimshika kiwiko alfajiri na usiku, akimhesabia ngazi. Mtaa mzima ulijua. Sisi ndugu zake wa damu, tuliokuwa tukimpigia simu kila wiki, hatukujua.

Ulikuwa ni ugonjwa wa presha ya macho, ambao madaktari huuita glaukoma. Nikirudi mwishoni nitausema zaidi. Kwa sasa yatosha kusema kwamba ugonjwa huu una tabia ya kutembea katika damu. Niliporejea huku nilikwenda kupimwa, nikaambiwa nami ninao, ila umegunduliwa mapema. Tangu hapo kila usiku natia matone machoni. Niliwaambia mke wangu na wanangu. Dada yetu aliyeko Unguja sikumwambia. Nilihofia kumtia wasiwasi, naye ndiyo kwanza alikuwa ametoka eda ya mumewe na kumzika kaka yake. Kila Jumapili nilikusudia kumwambia, na kila Jumapili nikasema kwema.

Hilo ndilo deni lililokuwa shingoni mwangu wiki hii ninayokusimulieni ilipoanza. Sasa nafungua jalada.

JUMAMOSI. Nimeanza na Jumamosi kwa kuwa Waswahili ndiyo tunaihesabu kuwa ni siku ya kwanza, hata jina lake linasema. Asubuhi nilikwenda kishambani. Baraza la mji hukodisha viwanja vya kulima kwa wakaazi wake. Ni desturi ya zamani katika nchi hii, na sheria ya mwaka 1908 imeyataka mabaraza yatoe viwanja hivyo pale wananchi wanapovihitaji. Kiwanja kamili huwa kama mita 250 za eneo. Mimi nina nusu yake, nayo yanitosha mgongo. Mwezi wa Mei hauaminiki kwa baridi, kwa hiyo hungoja Juni ndipo nikahamisha miche. Nilipanda maboga sita, matuta mawili ya mchicha, na kotmiri ya mke wangu. Bamia nimekwisha kuziacha. Zimenifedhehesha miaka mitatu.

Jirani yangu wa kiwanja ni mzee wa Kiingereza. Alinipa fungu la mmea wao wauitao rubabu, wenye mashina mekundu na ukali kama wa embe mbichi, akanionya mara mbili kwamba majani yake ni sumu na huliwa shina tu. Waingereza huupika kwa sukari. Mke wangu alikata majani akayatupa, akaupika ule ukali kwa pilipili na kitunguu thomu, ukawa kama achari. Tuliula kwa wali na samaki wa kukaanga. Jumamosi ya pili nilimpelekea yule mzee kichupa kimoja. Alikula kijiko, akanyamaza kitambo, macho yakamtoka machozi, akasema ni tamu sana. Naye pia, mnaona, ni katika watu wa kwema.

JUMAPILI. Nilimpigia dada saa nne asubuhi ya huku, kwao ikiwa adhuhuri. Akaniuliza habari, nikamwambia kwema. Nikamwuliza, akanijibu kwema. Tukaulizana mvua. Tukaagana.

Jioni alikuja mjukuu wangu wa kiume, mwenye miaka tisa, nikatoa bao. Bao lile alinipa kaka wakati naondoka mwaka 1996, nalo nililibeba mkononi katika ndege. Limepata ufa mrefu upande mmoja; mbao zilizozoea unyevu wa pwani hazipatani na nyumba zinazopashwa joto miezi sita kwa mwaka. Kete zake ni komwe, zile mbegu za kijivu, ambazo kaka alikuwa akiziokota mwenyewe ufukweni moja moja.

Kwa faida ya vijana wasioujua mchezo: bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Huanza kwa kutandaza kumi tu, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuatia, na 22 zilizobaki huziweka mkononi za kunamua. Mjukuu wangu amefundishwa kuhesabu kabla ya kucheza. Akahesabu mara tatu, akaniambia: "Babu, ziko 63."

Tuliinua zulia. Tukasogeza kochi, tukapata kalamu tatu na kitufe. Mtoto akashauri tutie gololi mahali pake. Ni shauri la busara, na mpinzani mwingine yeyote ningemkubalia. Lakini nilisikia ukali ukipanda katika sauti yangu nilipomwambia kwamba hapana, zile ni kete za kaka yangu. Mtoto alinitazama. Tukalifunika bao, naye akaenda zake kutazama katuni. Niliandika katika daftari langu: kete moja, haijulikani ilipo.

JUMATATU. Siku ya kufua. Mashine yetu ya kufulia ikaanza kelele ambayo sijapata kuisikia, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya debe. Mke wangu akasema tumwite fundi. Nikamwambia kumwita tu fundi wa huku ni gharama, hata kama hajagusa kitu, na mimi nitaitazama mwenyewe. Akaniambia: "Tafadhali usiitazame." Basi siku hiyo nikatii.

JUMANNE. Mke wangu alikwenda kumwangalia mgonjwa, nami nikabaki peke yangu na mashine. Kwa chini, upande mmoja, ina kifuniko kidogo, na nyuma yake mna chujio linalonasa vitu vinavyotoka mifukoni. Kijitabu cha maelekezo kinasema kwamba kabla ya kulifungua sharti utoe maji kwa kijipira kilicho pembeni. Kijitabu hicho nilikisoma baadaye. Nilizungusha chujio kwa nguvu, maji yote yaliyokuwa tumboni mwa mashine yakatoka kwa pamoja, yakaenea jikoni hadi ukumbini.

Ndani ya chujio nikakuta senti za Kiingereza, kipini cha nywele, na ile kete. Nilipiga ukelele wa furaha kama kijana aliyefunga goli. Mjukuu wangu, bila ya shaka, aliitia mfukoni mwa suruali yake wiki iliyopita. Imeng'ara! Haijapata kuwa safi namna ile tangu kuokotwa.

Nikasimama kwa haraka kwenda kuiweka mahali pake. Sakafu ilikuwa imeroa. Mguu ukaniponyoka, nikaanguka kwa ubavu, na uzito wangu wote nikautua juu ya kiganja cha kulia. Nilikaa pale chini, kete mkononi, maji yakipenya nguoni, kwa muda ambao sikuuhesabu. Nilifikiri mambo mawili: kwanza, kama mfupa umevunjika, na pili, jinsi ya kuikausha sakafu kabla mke wangu hajarudi.

Naikausha. Nikabadilisha nguo. Aliporudi akaniuliza kwema, nami nikamjibu kwema. Lakini usiku, wakati wa kutia matone, vidole havikuweza kukibana kichupa. Nikamwomba anitilie yeye. Akaniuliza mkono una nini, nikasema nimeulalia vibaya. Alinitazama kama nilivyokuwa nikizitazama mimi risiti za safari za maofisa. Akanitilia matone, asiseme neno.

JUMATANO. Tulikwenda kwa basi hadi Belgrave Road, ambako maduka yake mengi ni ya Wahindi, na wengi katika wenyewe walizaliwa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Huko hupatikana muhogo, kisamvu, ndizi mbichi na nazi iliyokunwa na kugandishwa. Mwenye duka mmoja, bwana wa makamo, hunisemesha Kiswahili cha Kampala, nami humjibu kwa Kiunguja, na kila mmoja humwona mwenziwe anakosea. Siku hiyo nilibeba mifuko yote kwa mkono wa kushoto. Njiani nilisinzia basini, maana katika siku hizi ndefu za kiangazi Magharibi huku huingia baada ya saa tatu za usiku, Isha ikawa karibu na usiku wa manane, na alfajiri haikawii. Mke wangu naye akasinzia. Tuliamshwa na dereva mwisho wa njia, mahali tusipopajua, tukiwa na kilo nne za muhogo. Tulicheka hadi watu wakatutazama. Nasema tulicheka, kwa kuwa kumbukumbu za maofisini hazisemi kabisa kicheko, na hilo ni kosa.

ALHAMISI. Mjukuu wangu wa kike ana miaka 14, naye alikuwa na kazi ya skuli juu ya Mfalme Richard wa Tatu. Baada ya masomo nikampeleka katika kanisa kuu la Leicester, ambamo mfalme huyo amezikwa. Kisa chake ni cha ajabu. Aliuawa vitani mwaka 1485, na kwa mamia ya miaka haikujulikana mwili wake uko wapi. Mwaka 2012 mifupa yake ilifukuliwa katikati ya mji, chini ya maegesho ya magari ya idara moja ya baraza la mji. Alizikwa upya mwezi wa Machi mwaka 2015.

Nikamwuliza mjukuu wangu: walijuaje kuwa ndiye? Akanieleza vizuri kunishinda. Uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda, kama ilivyokuwa ikisimuliwa kwamba bega lake moja lilikuwa juu ya jingine. Na tena walichukua chembe za urithi, zile apitishazo mama kwa watoto wake, wakazilinganisha na za watu wa kizazi cha dada yake mfalme. Mmoja wao alikuwa fundi seremala mzaliwa wa Canada aliyekuwa akiishi London. Zikawiana. Fundi huyo ndiye aliyelichonga jeneza lake.

"Kwa hiyo, Babu," akasema, "aliyemtambulisha mfalme ni dada yake."

Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ile ile: "Na mbona wewe tangu tumetoka nyumbani huutumii mkono wako wa kulia?"

Ndugu zangu, nimewahi kuhojiwa na wakaguzi wa hesabu wa serikali mbili. Hakuna aliyenikamata kwa wepesi ule. Nilianza kusema kwema, nikaona aibu, maana tulikuwa tumesimama mbele ya kaburi. Nikamwambia kweli. Akampigia simu mama yake pale pale, na saa mbili za usiku nilikuwa hospitali nikipigwa picha. Mfupa haukuvunjika, ni mshipa ulioteguka. Binti yangu alinirejesha nyumbani kwa gari bila ya kusema kitu, mpaka tulipofika mlangoni. Hapo akasema: "Baba, wewe umetusimulia mara ngapi habari ya Baba Mkubwa na yule mtoto aliyemshika kiwiko? Na sisi unataka tuje tuambiwe na nani?"

Sikuwa na jawabu. Nililala nikiwa na maneno hayo.

IJUMAA. Baada ya sala ya Ijumaa nilikaa ndani ya gari la mwanangu, nikamrekodia dada ujumbe wa sauti. Nilianza mara tatu nikafuta. Mara ya nne nikasema yote kwa utaratibu: nimeanguka jikoni, mkono umefungwa, nina presha ya macho tangu mwaka 2019, ndiyo ile ile ya kaka, yeye naye ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, basi yampasa akapimwe, na naomba anisamehe kwa kumficha miaka yote hii. Dakika nne. Nikautuma kabla ya kubadili nia.

Jawabu ilifika alasiri, kwao ikiwa jua limekwisha kuchwa. Ilikuwa ya dakika 11. Hakuanza na macho. Alianza na paka aliyezaa ndani ya kikapu chake cha kushonea, watoto wanne, mmoja mweupe. Akaja katika goti lake, kwamba hapandi tena ghorofani, kitanda kimeshushwa sebuleni tangu mwezi wa Rajabu. Ndipo akasema kwamba muda mrefu sasa hujigonga katika miimo ya milango, daima bega la kushoto, na kwamba akimimina chai aghalabu humwaga nje ya kikombe. Alidhani ni uzee. Akasema: "Ndugu yangu, nilikuwa nikikuficha ili usiwe na wasiwasi." Na mwishoni sauti yake ikabadilika: "Lakini wewe ulijua, na hukuniambia."

Wazee wangu, hilo la mwisho ni la kweli, nami sina la kujitetea.

Alikwenda kupimwa wiki iliyofuata. Presha ya macho imeonekana katika macho yote mawili. La kushoto limekwisha kupoteza sehemu ya uoni wake wa pembeni, na hiyo hairudi. La kulia ni zima kwa kiasi kikubwa, na matone yanatarajiwa kulihifadhi. Ameniruhusu niyaseme haya mbele yenu. Kwa kweli ameniamrisha.

Kwa hiyo nifunge jalada kwa mapendekezo, kama ilivyo desturi ya ofisi.

La kwanza ni macho yenu. Presha ya macho aghalabu haiumi wala haiwashi. Maji yaliyo ndani ya jicho hushindwa kutoka kama itakikanavyo, msukumo unapanda, na mshipa upelekao uoni katika ubongo unaharibika kidogo kidogo. Uoni huanza kuliwa pembeni, na kwa kuwa jicho moja humfichia mwenziwe, mtu hatambui hadi umekwenda mbali. Kilichopotea hakirejei, ila kilichobaki huweza kuhifadhiwa. Watu wenye asili ya Kiafrika wamo katika hatari zaidi, na ndugu, mzazi au mtoto wa mgonjwa vile vile. Kila mwenye damu hii yetu aliyetimiza miaka 40 akapimwe. Walioko Uingereza wenye mzazi, ndugu au mtoto aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa huu, na umri wao umefikia miaka 40, hupimwa macho bila ya malipo. Mkifika mwambieni mpimaji habari ya ukoo wenu. Walioko kwengine waulize hospitali zao. Nitamwomba Katibu aandike majina ya watakaokwenda, na mwakani nitauliza.

La pili ni juu ya hili neno letu kwema. Sisemi tuliache. Ni neno la heshima, na ndani yake mna sitara, na wazee wetu hawakupenda kumtwisha mtu mzigo aliyeko mbali asiyeweza kuubeba. Lakini wahenga pia wamesema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi naomba kila tunapopigiana simu, kabla ya kwema tutangulize habari moja ndogo ya kweli. Moja tu. Leo nimeunguza maharage. Leo paka kazaa. Leo nimejigonga mlangoni. Mtu asiyezoea kukwambia maharage yameungua, hawezi siku moja kuamka akakwambia haoni. Mlango ni huo huo mmoja, na usipofunguliwa mara kwa mara huota kutu.

La tatu nawaambia vijana. Mkituuliza habari, na sisi wazee tukawajibu kwema, msiondoke. Ulizeni tena. Mjukuu wangu alitazama mkono.

Mimi na dada sasa huzungumza Jumapili kama zamani, lakini simu zetu zimekuwa ndefu na hazina maana yoyote kwa mtu mwingine. Watoto wa paka wamegawiwa, isipokuwa yule mweupe. Maboga yangu yametoa manne. Mawili yameliwa na konokono. Mara moja moja dada hunikumbusha kuwa nilijua na sikumwambia, nami humwacha aseme.

Lile bao nimekuja nalo. Liko juu ya meza ya nyuma, karibu na dirisha, pamoja na ufa wake. Kete zimehesabiwa leo asubuhi na aliyekabidhiwa kazi hiyo, naye amenipa taarifa kuwa ziko 64. Atakayetaka kunifunga baada ya chakula aje, mkono wangu umepona.

Nakuombeni radhi kwa niliyoyakosea. Mwenyezi Mungu atujaalie tukutane tena mwakani kwa ukamilifu wetu, na awarehemu waliotangulia, khasa yeye aliyeniokotea komwe ufukweni.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.